"Sista, ukiondoka namfuata mwanangu": Muuguzi anauliza azime simu au aache shule

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni muuguzi, nina miaka 32, nina mume na mtoto wa miaka miwili. Nafanya kazi kwenye kituo cha afya mkoani Dodoma, naomba usikitaje. Nilianzia wodi ya wazazi, nikakaa huko miaka minne. Muuguzi aliyekuwa akihudumia wagonjwa wa akili alipohamishwa nikaambiwa nishike nafasi yake. Nikapelekwa mafunzo ya muda mfupi, nikarudi, na tangu hapo kila Alhamisi kliniki ni yangu. Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya vyandarua. Kina meza, viti viwili, na dirisha linalotazama mwarobaini ambao wagonjwa hukaa chini yake kusubiri.

Watu wakisikia "kliniki ya akili" wanadhani nashinda na watu waliofungwa kamba. Hao huja mara mojamoja. Wengi wangu ni wenye kifafa, na wengine ni akina mama, siku hizi hata akina baba, wanaokuja kwa miguu yao wakisema kichwa kimejaa upepo, mwili unawaka moto, moyo unakwenda mbio, usingizi hakuna.

Mmoja wao nitamwita Mama Zawadi, si jina lake. Ni mkulima wa uwele na alizeti, ana miaka arobaini na kitu. Mwanawe wa kwanza alikuwa dereva wa bodaboda, akagongwa na lori usiku, akafia palepale. Baada ya msiba ndipo akaanza kuumwa. Amepimwa malaria sijui mara ngapi, taifodi, presha, vidonda vya tumbo, na kila mara anarudi nyumbani na mfuko wa dawa. Kwenye maombi amepelekwa, kwa mganga amepelekwa. Siku moja nasaidia mapokezi nikamuuliza tu, "Mama, usiku unalala?" Akaangusha kichwa mezani akalia mpaka foleni nzima ikanyamaza.

Nikamwambia aje Alhamisi. Afisa tabibu akamwanzishia fluoksetini, dawa ya sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito. Wiki ya tano akaniambia jana amepika, amekula, na kwa mara ya kwanza tangu msiba amesikia ladha ya chumvi. Nilifurahi, Shangazi, sikufichi.

Lakini kabla ya hapo, wiki ya pili, alinisimulia kwamba jana yake jioni alikwenda kuchota maji korongoni, akasimama huko mpaka giza likaingia, akiwaza asirudi. Niliogopa. Ilikuwa alasiri, afisa tabibu ameshaondoka, nikachukua cheti chake nikamwandikia nyuma namba yangu ya simu. Nikamwambia, "Ukisikia hali ile tena, nibipu."

Hiyo ni miezi kumi na moja iliyopita. Anabipu kila siku saa tatu usiku, nami nampigia. Mara nyingi hana la kusema. Nasikia redio ya mume wake, nasikia mbuzi, basi. Nikisema "Mama, lala sasa," ananijibu "Ahsante sista, sasa nitalala." Mwezi wa nne umeme ulikatika kwetu, simu ikazima. Asubuhi nilimkuta kwenye geti la kituo, amejikunyata, khanga imelowa umande, ametembea tangu alfajiri kuja kuona kama niko hai. Tangu siku hiyo anabipu mara mbili, mara tatu kwa usiku. Akija kliniki ananiletea mlenda mkavu kwenye kopo, anasema, "Dawa yangu ni wewe, sista. Vile vidonge ni vya kukusindikiza tu."

Mume wangu amechoka. Juzi aliniuliza nimeolewa na yeye au na wagonjwa. Simu ikilia usiku moyo unaruka kabla sijajua ni nani, na baada ya hapo silali.

Sasa nimepata nafasi ya kwenda kusoma shahada, mkoa mwingine, naanza Oktoba. Nimeiomba nafasi hiyo miaka mitatu mfululizo. Nilipomwambia Mama Zawadi alinyamaza muda mrefu, akasema, "Sawa sista. Ukiondoka, mimi namfuata mwanangu." Kisha akanishika mkono, akaniomba nisiandike kwenye faili, maana watamwona chizi, watampeleka Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Sikuandika. Nilimgusia muuguzi mfawidhi juujuu, akanijibu kwamba nimemzoesha mwenyewe, nibadilishe laini tu, anatishia. Mwenzangu mmoja anasema nikienda na huyu mama akafa, nitaishi na hilo maisha yangu yote.

Shangazi, nimemsaidia au nimemharibu? Nizime simu? Niache shule?

Sista wa Alhamisi

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa nje, maana ilinirudisha mbali. Na mimi niliwahi kuvaa sare hiyo. Nimebadilisha mambo mawili matatu ili mama huyu asitambulike, mengine nimeyaacha ulivyoyasema.

Nikikuelewa vizuri, una mambo matatu yaliyofungwa fundo moja. Kuna mgonjwa anayesema atakufa. Kuna shule uliyoisubiri miaka mitatu. Na kuna siri aliyokukabidhi ambayo umeibeba peke yako, na nadhani hiyo ndiyo inayokunyima usingizi kuliko simu yenyewe. Nianze na la kwanza kwa sababu halisubiri Oktoba.

Mfawidhi wako anasema anatishia. Inawezekana ni kweli anakung'ang'ania, na inawezekana ni kweli anafikiria kufa. Hayo mawili hukaa ndani ya mtu mmoja bila kugombana. Aliwahi kusimama korongoni, na maneno yake ya sasa hayawezi kupimwa kwa kumtazama usoni. Yanapimwa kwa kumuuliza. Muulize waziwazi, mkiwa wawili, mlango umefungwa: mawazo ya kufa yanakuja mara ngapi, ameshafikiria atafanyaje, ana kitu alichokiweka, ni nini kimemzuia mpaka leo. Wengi wetu tulifundishwa na hofu kwamba ukimuuliza mtu utamtia wazo. Halitoki kwako, mwanangu. Mwenye wazo hilo kwa kawaida hupumua akipata mtu wa kulitaja mbele yake. Usingoje Alhamisi. Mpigie leo, mwombe aje kesho, na afisa tabibu awepo. Akikujibu kwamba ameshapanga, haruhusiwi kurudi nyumbani peke yake, na rufaa iandikwe siku hiyohiyo.

Hapo ndipo siri inapoingia. Alikuomba usiandike, ukaona kukubali ni upole. Naelewa. Alikuwa amekushika mkono. Lakini tazama kilichotokea: sasa duniani kuna mtu mmoja tu anayejua kwamba maisha yake yako hatarini, na mtu huyo anaondoka Oktoba. Siku ukiumwa, siku umeme ukikatika, atakayemhudumia atafungua faili na kukuta mama anayeendelea vizuri na fluoksetini. Sikulaumu. Nauliza tu kama siri ya namna hiyo inamlinda yeye, au inalinda yale mapenzi aliyonayo kwako. Kuna sentensi tuliyokuwa tukiisema wodini, nakupa uijaribu mdomoni mwako: "Mama, siri zako nazitunza, ila lile linalogusa uhai wako siwezi kulibeba peke yangu." Mwambie kabla ya kuandika, asije akajua kwa kusikia. Andika maneno yake alivyoyasema, tarehe, na mlichokubaliana. Anaweza kukukasirikia. Anaweza hata kuruka kliniki wiki moja. Hatari hiyo ipo, na ndiyo maana nakusihi ufanye sasa ukiwa bado upo wa kumfuata.

Na hofu yake ya Mirembe uizungumze naye, usiipite. Sisi wa Dodoma tumekua na jina hilo kama fimbo. Mtoto akifanya utundu anaambiwa atapelekwa. Hospitali ile ipo tangu 1927, imeuguza watu wa nchi nzima, na bado jirani zake tunaitumia kama tusi. Mwambie ukweli: wengi wenye sonona hutibiwa wakiwa majumbani mwao, kwenye vituo kama chako, na kuandikwa kwenye faili si kukokotwa. Hata mtu akipewa rufaa, wengine huonana na daktari wakarudi kulala kwao.

Sasa hilo la "nimemsaidia au nimemharibu." Mtu aliyezunguka na mfuko wa dawa za malaria wewe ulimuuliza kama analala. Swali hilo moja ndilo lililomleta kwenye tiba. Alasiri ile ya korongo ulikuwa peke yako, ukatoa ulichokuwa nacho mkononi, nacho kilikuwa namba yako. Wakati ule nisingekuwa na moyo wa kukwambia usiitoe. Kilichokosekana ni mwisho wake. Hukumwambia ni ya siku ngapi, ukiikosa ampigie nani, na baada ya wewe kuna nani. Namba ya usiku mmoja ikawa namba ya kila usiku. Mwaka 1952 muuguzi wa Marekani, Hildegard Peplau, aliandika kwamba uhusiano wa muuguzi na mgonjwa una hatua zake, na hatua ya mwisho ni kumalizana, nayo ni sehemu ya tiba kama zilivyo zile za mwanzo. Nilipokuwa mwanafunzi niliyakariri hayo kwa ajili ya mtihani. Nilikuja kuyaelewa kwa muuguzi mmoja mtu mzima aliyenilea kazini. Mgonjwa akikaribia kuondoka, alianza kumuaga wiki tatu kabla. Anakaa naye na kikombe cha chai ya rangi, anamuuliza, "Unakumbuka siku ya kwanza ulivyokuja? Ulikuwa hutaki hata kunitazama." Wanahesabu pamoja aliyojifunza. Ikifika siku yenyewe hakuna anayeshtuka, ingawa machozi yalikuwepo.

Kuhusu "dawa yangu ni wewe": neno tamu, nami ningelipenda kulisikia. Hata hivyo, hesabu vidonge vyake. Mtu anayeona vidonge ni vya kusindikiza anaweza kuwa anameza leo anaacha kesho. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 ulishauri mgonjwa wa sonona aendelee na dawa mpaka akae bila dalili kwa miezi 9 hadi 12 ndipo aanze kufikiriwa kuacha, tena kwa kupunguza kidogokidogo. Huenda kinachomrudisha nyuma kina mizizi hapo pia, si kwenye safari yako peke yake. Na kwa hali aliyonayo sasa apewe dawa za siku chache, ndugu amtunzie.

Ndugu yupi? Hapa ndipo barua yako ilinisimamisha. Uliandika kwa kupita tu: nasikia redio ya mume wake. Mwanangu, kila usiku kwa miezi kumi na moja mama huyu anamruka mtu aliyeketi hatua chache kutoka kwake ili akupigie wewe uliye mbali. Na mtu huyo naye alifiwa na mtoto yuleyule. Je, wamewahi kumtaja marehemu wakiwa wawili? Huyo baba naye analala, au redio ndiyo bipu yake?

Sisemi mkimbilie mume. Sijui ni mtu wa namna gani, na barua yako haisemi. Kuna waume ambao ukiwaambia mkeo ana sonona wataitangaza kilabuni, na kuna wanaopiga. Kwa hiyo kwanza muulize Mama Zawadi faraghani: nyumbani uko salama? Ukitaka mtu mmoja ajue, ungependa awe nani? Pengine atamtaja dada yake, pengine binti, pengine mama wa jumuiya au mwenzake wa kikoba. Pengine atasema hana. Hata hilo ni jibu la kuanzia, na ustawi wa jamii na mhudumu wa afya wa kijijini kwake wapo kwa ajili hiyo.

Nakuletea mfano mmoja kwa sababu naona unadhani kazi hii inahitaji mtu mwenye shahada au mwenye moyo kama wako. Huko Harare, Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na bibi 14 wa mtaani. Aliwafundisha kusikiliza na kumsaidia mtu kutatua tatizo moja baada ya jingine, wakiwa wamekaa kwenye benchi nje ya zahanati. Wenyeji huko huuita ugonjwa wa namna hii kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, sawasawa na wagonjwa wako wanaosema "nina mawazo." Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha waliokaa na bibi hao walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Ninachokipenda ni kwamba vikao vilikuwa na hesabu, havikuwa vya milele, na baadaye mgonjwa aliunganishwa na kikundi cha wenzake. Wewe tayari una mwarobaini. Wale akina mama wanaosubiri chini yake kila Alhamisi, wanajuana?

Turudi kwenye simu na shule. Ukibadilisha laini kama mfawidhi alivyosema, utalala, lakini kwa mama aliyefiwa ghafla utakuwa umekufa ghafla wewe pia, na ulishaona alivyofanya simu ilipozima usiku mmoja. Ukiacha shule, atatulia mwezi huu. Swali langu ni mwakani itakuwaje ukipata mimba, au ukihamishwa, na wewe utamtazamaje mtu uliyemwachia ndoto yako. Kinyongo hupita hata kwenye sauti ya upole. Ipo njia ya katikati, nayo ina ugumu wake. Mnakubaliana bipu moja kwa siku kwa wiki mbili, kisha siku tatu kwa wiki, kisha Alhamisi tu, na kila unapopunguza kuna mtu mwingine anaongezwa: muuguzi atakayekupokea anakaa nanyi vikao vitatu vinne kabla hujaondoka, dada au mume anajua afanye nini usiku ukiwa mzito, na kwenye karatasi ya mama kuna jina la kituo cha kukimbilia saa yoyote. Mpango huo hauanzi kabla hujapata majibu ya yale maswali ya kwanza. Akiwa hatarini, usipunguze kitu. Na hata ukifuata kila hatua, anaweza kutetereka. Nitakuwa nakudanganya nikikuahidi vingine. Mwenzako aliyekwambia utaishi na hilo maisha yako yote alikutwika kisichokuwa chako. Mzigo wa mwenzio kanda la usufi. Unawajibika kuuliza, kuandika, kukabidhi. Pumzi ya mtu hakuna muuguzi aliyepewa aishike.

Kwenda au kutokwenda sitakuchagulia. Ila rudi kwa mfawidhi, safari hii usiguse juujuu. Keti naye na faili mezani, umwambie nahitaji mtu wa kumkabidhi huyu mama, na nahitaji ajulikane kabla ya Septemba kuisha. Akikujibu vilevile, nenda kwa mganga mfawidhi, mkuu wa kituo.

Na wewe? Unamuuliza kila mtu kama analala. Moyo kuruka simu ikilia, kukesha, kugombana na mwenzio: hizo dalili ungezisikia kwa mgonjwa ungevuta kiti. Mtafute mtu aliyekutangulia kwenye kazi hii, umsimulie yote uliyonisimulia mimi, halafu na mumeo umweleze sababu ya zile bipu. Sidhani kama anajua habari ya korongo. Jina la mama huhitaji kulitaja.

Mlenda ule upokee, usiukatae, na mwambie akufundishe anavyoukausha, mbele ya muuguzi mpya.

Ukipata nafasi niandikie tena. Nataka kujua alimtaja nani. Na kama ni yule mwenye redio, nataka kujua alisema nini.

Shangazi